Kiuno cha Sentimita Hamsini na Nane

Mama Tepu alikuwa mshonaji wa nguo za kike, na hakuna mteja aliyetoka kibandani kwake bila kutegwa kitendawili.

"Nyoka wangu haumi, ila akikuzunguka kiuno ananiambia siri zako."

"Tepu hiyo, mama," walimjibu, maana walikwisha kukizoea.

Akija mtu na kitambaa alichopimiwa dukani kwa mkono, alimcheka. "Mkono wa nani? Wangu mfupi, wa muuza duka mrefu kama mlingoti. Mita haina ndugu wala jirani, mwanangu. Ya kwako ndiyo ya kwa mfalme."

Basi kitindamimba wake akaposa, na dada zake wote wakatakiwa wavae sare siku ya harusi. Kifungua mimba alikuwa akifanya kazi mji wa mbali, mwaka wa pili huo hajatia mguu nyumbani. Akapiga simu kutaja vipimo vyake.

"Kifua sabini na sita, Mama. Kiuno hamsini na nane."

"Hicho kiuno au shingo?" Mama Tepu akaangua kicheko. "Umeivuta hiyo tepu kama unafunga mzigo."

"Nimepima mara mbili."

"Aliyekuzaa ni mimi au tepu? Nakujua ulivyo, binti yangu. Niachie mwenyewe."

"Haya, Mama," binti akasema, wakaagana.

Mama Tepu akakata kitambaa kwa kiuno cha sabini na nne, kile alichokijua tangu binti anaondoka, akaongeza na upana kidogo kwa ajili ya maisha mazuri ya huko mjini. Alishona huku akiimba.

Binti alifika jioni ya kuamkia harusi, amejitanda mtandio mpana mpaka magotini. Walipoingia chumbani akalivaa gauni, likamning'inia kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Bega moja likateremka lenyewe. Mama Tepu alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye godoro, akamvua gauni, binti akabaki na gagulo. Akamzungushia tepu.

Sitini.

"Nimeongezeka mbili," binti akasema polepole, kama anayeomba radhi. "Wakati ule ndio nilikuwa hoi."

Hapo mama akaliona kovu, refu, bado jekundu, likishuka chini ya kitovu.

"Nini hiki?"

"Uvimbe. Walinipasua, kama wiki mbili baada ya ile simu."

"Na hukuniambia, mwanangu?"

"Sikujua pa kuanzia. Nikasema, mshonaji kama wewe, nikikutajia tu namba utauliza mwenyewe."

Mama Tepu akakaa kitandani. Aliikumbuka ile simu yote, hata kile kicheko chake. Angeuliza tu, "Unaumwa?" na asubuhi yake angekuwa kwenye basi na kikapu chake, angekaa kwenye benchi la hospitali akiwachosha wauguzi kwa vitendawili. Badala yake alikuwa kwenye cherehani, anamshonea mtu ambaye hayupo tena.

"Nani alikaa nawe?"

"Jirani, mlango wa pili. Alinilisha uji kwa kijiko, na kunifulia."

Mama akaivuta tepu, akaiachia, akaivuta tena.

"Nataka kumshonea gauni huyo mama."

"Hutamjua alivyo, Mama. Ni mnene juu, miguu kama ya korongo. Itabidi nikampime."

"Kampime, unipigie."

Binti akamtazama.

"Namba utakayonitajia," Mama Tepu akasema, akiokota mkasi, "ndiyo nitakayokata." Kisha akaanza kulifumua gauni, mshono baada ya mshono, na binti akamsogelea, akamshikia upande wa pili.