Ng'ombe Wawili Juu ya Mlango wa Castérot

Mabwana wengine wa Ufaransa walijichorea simba kwenye ngao zao, wakati hawajapata kumwona simba hata mkia. Wakuu wetu wa Béarn, huku milimani kusini, walichora ng'ombe wawili wekundu, pembe za buluu, kengele shingoni. Angalau wao walijua nani anawalisha.

Bwana Fresnoy, aliyekuwa akiuza miwani Paris, alinunua nyumba ya Castérot kijijini kwetu Arrigas, akakuta ng'ombe hao wamechongwa juu ya mlango. Kufikia Pasaka alikuwa na pete yenye ng'ombe, leso yenye ng'ombe, na babu mkubwa aliyepigana vita vya msalaba. Ng'ombe wenyewe ndio hakuwataka. Njia ya kwenda malisho ya mlimani hupita uani kwake, na kinyesi, alisema, hakimfai mtu wa ukoo bora. Jumapili moja ya Juni alituita sote, akatumiminia divai ya Jurançon, akatangaza kwamba lango linafungwa.

Nilifungua mdomo kumjibu. Njia nyingine ni barabara kuu ya malori. Lango likifungwa, mimi na bibi yangu tungelazimika kuuza kundi zima kwa wachinjaji.

"Maylis, nyamaza," bibi aliniambia, akainuka na fimbo yake. "Bwana, kwa hiyo wewe ni kabaila kweli?"

"Bila shaka, mama. Sheria ya kale ya Béarn inasema ukabaila ni wa nyumba. Mwenye nyumba yenye ngao, ndiye bwana."

"Hapo umesema kweli. Basi na wajibu wa nyumba ni wako."

"Wajibu gani tena?"

"He! Babu yako wa vita vya msalaba hakukuachia habari? Ng'ombe wakipanda mlimani, bwana wa Castérot huwafungulia lango kwa mkono wake, kavua kofia, na kumlambisha chumvi ng'ombe wa mbele. Asiyefanya hivyo ni mwenye nyumba tu, kama sisi wengine. Au nadanganya, jamani?"

Wazee waliinamia glasi zao. Padri ndiye aliyejibu, "Ndivyo ilivyokuwa," akajiongezea divai.

Fresnoy alitazama pete yake, akatazama lango, akatutazama sisi. Kinyesi kilimkera, lakini kuwa kama sisi kulimkera zaidi.

Julai alisimama langoni na koti la mahameli, kofia mkononi. Saubade, ng'ombe wetu wa mbele, alilamba chumvi, akalamba kiganja, akalamba na pete, kisha akajisaidia karibu kabisa na viatu vyake.

"Asante, Bwana wa Castérot," nilimwambia. Akavimba kwa furaha, maskini.

Tulipofika juu nilimuuliza bibi desturi ile ya chumvi aliitoa wapi, maana sijapata kuisikia tangu nizaliwe.

"Hukohuko Fresnoy alikomtoa babu yake," akasema, akaketi kuvua viatu.