Mji Unaopimiwa Mafuta

Wilbroad aliomba kukaa kwenye benchi la dukani, na Marcelina akamkubalia kabla hajamuuliza kazi yake. Ungefanya nini? Tabora imekuwa ikiwakalisha wapita njia tangu enzi za misafara ya pembe na shanga, na huyu wala hakuwa na mzigo wa kutisha: kibegi, chupa ya maji na kishikwambi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa bima au wa laini za simu?"

"Hapana, mama. Natazama tu."

"Kutazama hatulipishi. Kaa, ila usiniegemee gunia la mchele."

Akakaa. Kila mteja alipotoka, kijana aliinamisha kichwa na kugusa kioo cha kishikwambi. Marcelina alivumilia mpaka saa ya chai, kisha akamuuliza anaandika nini. Wilbroad hakuficha. Baadaye hilo ndilo lililomtisha Marcelina zaidi, kwamba kijana hakuona hata sababu ya kuficha.

"Kampuni yangu ina maduka makubwa Dar, Arusha na Mwanza," alisema. "Sasa tunatafuta mji wa kati. Kuna Kahama, kuna Shinyanga, kuna hapa."

"Na mji mnauchaguaje? Mnapiga kura?"

"Watu wanadhani tunahesabu vichwa. Vichwa vipo kila mahali, mama. Sisi tunatazama mtu anavyonunua. Akibeba chupa nzima ya mafuta, pakiti nzima ya sukari, huyo ni wetu. Akipimiwa, si wetu. Mji unaopimiwa tunaupita."

"Na mkiamua kuja, mtakaa wapi?"

Wilbroad alionyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye ghala la zamani la tumbaku lenye kufuli lililoota kutu.

Marcelina alicheka, maana yeye hucheka kwanza mambo mengine yakafuata. Lakini kicheko hakikudumu. Aliwahi kuwa na duka Igunga, stendi, mabasi ya Mwanza yakisimama mlangoni pake. Duka kubwa lenye majokofu likafunguliwa jirani. Wateja wake hawakugombana naye. Waliendelea kumsalimia vizuri kabisa, wakipita na mifuko ya kule, wengine wakimuuliza mbona amekonda. Alipofunga, hao hao ndio waliomsaidia kupakia rafu kwenye lori, na kwa bidii kweli. Wakati ule magoti yake yalikuwa bado yanamsikiliza. Safari hii, hili la hapa mtaani Gongoni likifa, hakuna lingine.

Aligeukia dumu la mafuta ya alizeti. Juu yake palining'inia kikopo cha nyanya kilichofungwa mkono wa waya, ndicho kipimo chake tangu Igunga. Unachovya, unamimina kwenye chupa ya mteja, halafu unachovya tena kidogo kumpa nyongeza. Mwenye wagonjwa nyumbani alipata nyongeza nene. Mlevi alipata nyembamba. Aliyemsengenya Marcelina wiki hiyo alipata matone, na alijua sababu.

Nusu ya mtaa ilipimiwa kwa kikopo hicho. Kwa hiyo Marcelina alijipa moyo: kijana atazame, aandike, aende zake Kahama.

Akaingia Mwalimu Raymundi, mstaafu, chupa yake tupu ikiwa kwapani. Alipomwona mgeni mwenye shati lililopigwa pasi, chupa ikarudi ndani ya koti.

"Nipe mafuta," alisema Mwalimu. "Lita."

"Lita, Mwalimu?"

"Kwani mimi huwa nanunua nini?"

Wilbroad akagusa kioo. Nyuma ya Mwalimu alisubiri mama mmoja wa kwaya ya Moraviani, ambaye huchukua sukari ya kufunga kwenye karatasi. Alimtazama mgeni, akamtazama Mwalimu, akataka pakiti ya kilo. Kioo kikaguswa tena. Marcelina alikuwa anafanya biashara nzuri kuliko siku zote za mwezi, na alitamani wateja waishe.

Wilbroad alipokwenda kula, Mwalimu alirudi mbio na lita yake, haijafunguliwa.

"Chukua chupa yako. Nipimie kikopo kimoja, upesi, kabla hajarudi."

"Mwalimu, unaniua."

"Nimekuua kwa kununua?"

"Ndiyo. Yule anaandika. Ninyi mnajitia utajiri mbele ya mgeni, yeye anaona mji wa chupa nzima. Wakifungua pale ng'ambo, mimi nitawauzia nini, salamu?"

Tunu, aliyekuwa anakaanga chapati barazani, aliangua kicheko. Kisha kikamkatika. "Da Marcelina, na mimi nitakaangia wapi?"

"Kwenye kaburi la duka langu. Moshi ukinifikia nitakuita."

Hakuna aliyecheka. Waliangalia ghala, na ghala lilionekana limesogea.

"Tufanyeje?" Mwalimu aliuliza.

"Kesho njooni na chupa zenu mkononi, mzionyeshe. Semeni kwa sauti. Mkiona aibu, vumilieni. Mimi nimeshaona nyingi kuliko hiyo na bado nakula."

Kesho yake mtaa wote ulikuja umefukarika. Mama wa kwaya alitaka sukari ya chai ya mtu mmoja. Tunu, ambaye hununua unga kwa mfuko, aliomba apimiwe kwenye bakuli, akaguna kama aliyelala njaa. Mwalimu ndiye aliyevuka mpaka: alisimama katikati ya duka, chupa juu, akatangaza, "Nipimie nusu ya kikopo. Nusu." Nusu haikuwahi kuuzwa hapo, lakini Marcelina akaipima, na nyongeza juu.

Wilbroad aliandika mpaka akaacha kuandika. Akabaki anatazama mkono wa Marcelina ukipanda na kushuka kwenye dumu. Siku iliyofuata ikawa vile vile. Marcelina akaanza kuchangamka, akamwambia kijana kwamba Kahama kuna dhahabu, huko watu wanabeba mafuta kwa toroli. Kijana alicheka. Marcelina akalala usingizi mzuri.

Siku ya kuaga, Wilbroad alisimama kaunta.

"Mama, naomba nikishike hicho kikopo."

"Cha nini?"

"Mara moja tu."

Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Akatoa kwenye kibegi kijagi cheupe chenye mistari ya vipimo pembeni. Akajaza maji kwenye kikopo, akayamimina kwenye kijagi, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Akapiga picha.

"Niliwatumia wakubwa taarifa juzi," alisema, akikausha kikopo kwa leso yake mwenyewe. "Nikasema hapa tupite. Wakaniuliza, kila mtu anapimiwa? Nikasema kila mtu, hata walimu. Wakasema basi hatupiti: kama wote wanapimiwa, nasi tutawapimia. Tutafunga mafuta kwenye vipakiti, ujazo wa hiki hiki kikopo. Na vingine vya nusu, maana nusu pia mnauza."

Barazani chapati ya Tunu ilianza kuungua. Hakuigeuza.

"Nilikuwa natania," alisema Marcelina. "Nusu hatuuzi."

"Niliona mwenyewe, mama." Kijana alifungua kishikwambi. "Kitu kimoja sijakielewa. Ile nyongeza. Nimejaribu kuipima kwa macho, haifanani. Huyu unampa hivi, yule vile. Inategemea nini?"

Marcelina alichukua kikopo chake. Jibu lilikuwepo, refu, lenye majina ya watu na magonjwa yao. Hilo hakutaka liingie kwenye kishikwambi.

Mwalimu Raymundi akaingia wakati huo huo, ametengeneza uso wa kimaskini kuliko wa jana, chupa juu.

"Nipimie kimoja, mama, hali ni ngumu."

Wilbroad akasogea karibu na dumu. Marcelina alichovya, akamimina, akakung'uta kikopo mpaka tone la mwisho. Mwalimu hakuishusha chupa. Alisubiri nyongeza, kama anavyosubiri kila mara, mdomo wa chupa umeelekezwa kwenye mkono wa Marcelina.

"Marcelina," alisema, sasa kwa sauti yake ya kawaida, "hujanimalizia."

Marcelina alibonyeza kifuniko cha dumu kwa viganja vyote viwili, na viganja vikakataa kutoka hapo.