Mkate wa Kusuka wa Glenys

Kila mashindano ya kuoka yalipoanza kwenye televisheni, Glenys Probert hakukalika. Aliwafokea washindani kama vile wanamsikia. "Wewe dada, unga wako haujaumuka! Unakimbilia wapi?"

Jioni moja mumewe, Idris, akachoka. "Mama Rhian, tangu tuoane mkate unanunua dukani. Oka basi, tuone."

Maneno yale yalimchoma. Kesho yake akakanda unga mpaka mabega yakamuuma, akausuka kama nywele, kama alivyoona kwenye mashindano. Mkate ukatoka mgumu kama tofali. Idris akaugonga mezani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Huu tujengee ukuta wa bustani!"

Glenys alishajua kosa lake: jikoni kwao kulikuwa na baridi, naye alikuwa na haraka kuliko wale aliowafokea. Jumamosi akakanda tena, akaufunika unga karibu na hita, akajizuia kuugusa mpaka ukafura mara mbili. Safari hii mkate ulipanda, ukaiva rangi ya asali, kila msuko ukionekana.

Idris akaubonyeza kwa kidole, amekaza uso kama jaji. Akakata kipande, akapaka siagi, akala. Akakata kingine. Kisha kingine.

"Haya jaji, sema!"

"Niache nile kwanza, mama," Idris akajibu, mdomo umejaa.

Glenys akafungua dirisha, akamwita jirani yake kwa sauti iliyosikika mtaa mzima.

"Gwenda! Njoo uone mkate! Nimeuoka mimi!"