Gitaa Lisilo na Kichwa

Siku ya kumaliza msiba wa kaka Ipyana, baba mdogo Asajile alitoa vitu vyake uani na kuvigawa. Shati, baiskeli, koti la mvua. Gitaa likabaki la mwisho, juu ya mkeka.

Lilikuwa gitaa la umeme la nyuzi nane, halina kichwa, kama limekatwa pale shingo inapoishia. Kaka alilinunua Karonga kwa mtu aliyepiga muziki wa metali, ule wa kasi na wa kunguruma. Vyuma vyembamba vya shingoni, vile ambavyo uzi hubonyezwa juu yake, havikukaa sambamba, vilitanuka kama mbavu za samaki.

"Halina kichwa," alisema shangazi Naomi. "Ndiyo maana limemmaliza mwenyewe."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Tena limepinda," alisema Andendekisye, fundi seremala anayepigia kwaya gitaa. "Tazameni vyuma hivi. Limeachwa juani hili. Nipeni nilinyooshe, litumike kanisani."

Sikuzoea kusema mbele ya wakubwa.

"Baba mdogo, halijapinda. Limetengenezwa hivyo. Kaka alisema uzi mnene unataka urefu, mwembamba unataka ufupi. Naomba nibaki nalo."

"Unasemaje? Paza sauti, mama," aliniambia baba mdogo.

Nilirudia. Sauti ikatoka ndogo zaidi.

"Kisa, wewe vyungu ndivyo unavyovijua," alisema Andendekisye, si kwa ubaya. "Umewahi kuona ngazi yenye vipandio vya mshazari?"

Wakacheka tena. Baba mdogo akamkabidhi fundi. Mama akasema, "Ndaga," akashukuru kwa mikono miwili, maana kitu cha marehemu kwenda kanisani ni heshima.

Fundi aling'oa vyuma vyote, akaziba mifereji kwa gundi, akachanja mingine na kuvipanga vimenyooka. Kazi yake ilikuwa safi. Lakini Jumapili, kila alipobonyeza uzi, sauti ilikosea. Alikaza, akalegeza, waimbaji wakapotea. Mwishowe wakaimba kwa ngoma tu.

Jioni alilileta kwetu. Hakukubali kiti.

"Chukua, mwanangu. Limekufa."

Mama alikuwa jikoni akipepeta mchele. Nililipeleka penye vyungu vyetu vya kuuza sokoni Lyulilo, nikaliegemeza kwenye mdomo wa chungu kikubwa ili kikuze sauti, kama kaka alivyofanya umeme ukikatika. Nyimbo zake nilizijua kwa kusikia. Nikabonyeza hapa na pale, hakuna iliyokuja. Zote zilikuwa zimepotoka.

Nikaondoa kidole. Uzi usiobonyezwa hauna haja na vile vyuma. Nikaupiga peke yake ule mnene kuliko wote.

Ukanguruma ndani ya chungu, mzima kabisa, sauti ile ile kaka aliyoanzia kila jioni.

Jikoni ungo ukanyamaza.

"Ipyana?" mama aliita.

Nikauzima uzi kwa kiganja.

"Ni mimi, mama."

Nilisubiri nisikie ungo ukianza tena, haukuanza.