Makofi Tatu ya Maestro

Mi sikuiba ile wimbo. Naanza hapo sababu watu wa Ngagara wanaanzia kwingine: "Jovithe? Yule wa mikro? Si ndiye alitoa wimbo yetu inje."

Iko hivi. Korale yetu ilikaa na wimbo ya jubile miezi mitatu, mulango umefungwa, hakuna kurekodi. Mi peke yangu nilikuwa na ruhusa, na aparei ya kurekodi ya Kaka Ilias, mwenye studio kule Jabe. Nimemaliza masomo tangu mwaka jana, niko nyumbani nahesabu mabati. Kaka Ilias ndiye alinichukua, akaniambia nitajifunza kazi ya sauti kwake.

Jumapili tukasikia korale moja ya Kanyosha wameiimba. Yetu! Mpaka ile mahali tunanyamaza kidogo mbele ya Aleluya ya mwisho. Halafu odio ikafika kwenye WhatsApp, kipande ya mwanzo, sekunde makumi ine, imerekodiwa kwetu, mercredi, ile Jumatano ya mazoezi. Najua ni siku ile, sababu kuna pikipiki inapita barabarani ikipiga klakson, na hiyo klakson niko nayo kwenye aparei yangu pia.

Maestro Herménégilde, yule anatuongoza, akanitazama mbele ya wote.

"Jovithe. Nani mwingine anarekodi humu?"

"Sijui, Maestro."

"Hujui."

Mama Marguerite, anaimba sauti ya chini na anapenda kusemea wengine, akaingilia: "Huyu anakaa nyumbani muchana kutwa. Munazani anafanya nini?"

Wakacheka. Maestro hakucheka. Akasema ananipa mpaka mercredi nimuonyeshe mutu. Nikishindwa, anampigia Kaka Ilias simu anitoe.

Kuanzia hapo, kila mutu nilimuona mubaya. Mama Marguerite, ile sakoshi yake kubwa ya begani, ya nini? Yule wa ngoma, mbona ananisalimia sana? Na Chanelle wa soprano, simu haitoki mukononi, na ana binamu Kanyosha. Chanelle nilimuangalia mara mbili.

Lundi, kesho yake, nikafungua odio kwenye ordinateri, hiyo kompyuta, pembeni ya yangu. Sauti kwenye ekra iko kama milima na mabonde. Maestro anapiga makofi tatu kabla tuanze, kila wimbo. Kwangu, kofi ya kwanza inaanza kwa kupanda. Kwenye odio ya WhatsApp inaanza kwa kushuka. Imepinduka kabisa, kichwa chini.

Nikasema, ah! Kuna simu inapindua sauti. Nikiipata, nimepata mutu.

Mardi, kesho yake tena, nikamuomba Chanelle simu, nikadanganya nataka kupiga moja tu, unite imeniishia. Nikageuka, nikarekodi kofi, nikajitumia. Ordinateri nilikuwa nayo. Kwenye ekra: kichwa chini. Nimemupata! Sikungoja, nikakimbia kwa Maestro, alikuwa anapanga viti kwenye ukumbi wa parokia, pale tunafanyia mazoezi.

"Maestro, ni Chanelle. Simu yake inapindua sauti."

"Inapindua?"

"Kabisa. Kama ile odio."

Akajibu haraka haraka: "Basi ni yeye. Hata mi nilikuwa namushuku. Tumemaliza, usisumbuke tena na hiyo maneno."

Nikafurahi, lakini nusu. Mutu amekasirika siku mbili, halafu anamaliza mambo kabla sijavuta pumzi? Nikageuka. Chanelle alikuwa amesimama mulangoni, alinifuata sababu nilibaki na simu yake mukononi.

"Leta," akasema. Basi. Akaichukua, akaenda.

Nikapanda Jabe. Kaka Ilias alikuwa ametoka kuswali alasiri, anajifuta mikono. Nikamuhadisia na kiburi kidogo.

"Lete simu yako," akasema. Akapiga kofi mbele yake. Tukaangalia: kichwa chini. Akaleta yake. Kichwa chini.

"Sasa sisi watatu tumeiba?"

Nikarudisha simu yangu mufukoni.

"We peti, mudogo wangu, kupinduka si kuchelewa. Ukivaa shati ndani-inje, uko palepale ulikuwa umesimama, au apana? Hiyo ni faze. Inakuambia simu imetengenezwa vipi, basi. Kama unataka kujua mutu alikuwa wapi, tafuta kuchelewa. Sauti inatembea. Milisegonde moja, inapita sentimita makumi tatu na ine."

Akaweka odio mbili moja juu ya ingine, akalinganisha makofi ya Maestro yakae sawasawa. Halafu akanionyesha ngoma, ile inakaa ndani ya ukumbi, nyuma kabisa. Kwenye odio ya WhatsApp ngoma inafika mapema kuliko kwangu.

"Mapema ngapi?"

Nikapima. "Milisegonde makumi tano."

"Usiamini bado. Kuna vyombo vinachezea faze kwa namna ingine, sauti nzito zinasukumwa hivi, nyembamba hivi. Pima kitu nyembamba, kiwe karibu na ngoma."

Nikapima kayamba, inapigwa palepale pembeni ya ngoma. Makumi tano. Nikarudia. Makumi tano.

"Zimeenda sawa, nzito na nyembamba," Kaka Ilias akasema. "Hiyo si faze, ni njia. We na mikro mulikuwa mbele, karibu na Maestro. Hii simu ilikuwa kwenye ngoma. Makofi yanachelewa kuifikia, na ngoma haichelewi. Kwenda na kurudi, mita kumi na saba. Gawa."

"Munane na nusu."

"Na yule musichana anasimama wapi?"

Anasimama mbele. Mita mbili na Maestro. Nilisikia aibu mpaka masikio ikawa moto.

Mercredi nikafika wa kwanza, na metre ya kupimia ya fundi-mwashi wa kwetu. Kutoka mikro mpaka ngoma: mita munane, sentimita makumi ine na sita. Nikainua kichwa. Ukutani, juu ya ngoma, kuna musumari. Kwenye musumari kuna koti ya Maestro. Kila mercredi anaivua na simu ndani, anatundika pale, sababu anatoka jasho sana akiongoza.

"Unapima nini?" Alikuwa nyuma yangu.

"Njia ya sauti, Maestro."

Nikamuelezea yote, makofi, ngoma, kayamba, na sauti yangu inapanda kama ya mutoto. Akasema simu za siku hizi zinageuza-geuza sauti. Nikamwambia kugeuza ni kitu ingine, hii ni kuchelewa, na nzito na nyembamba zimechelewa sawa. Akaangalia musumari. Akakaa kwenye kiti.

"Narekodi kila mercredi," akasema. "Nasikiliza nyumbani, naona nani anakosea. Dada yangu Esperance alikuwa mugonjwa, Kanyosha kule, nikamutumia asikie tu. Nikamwambia asionyeshe mutu. Akaonyesha korale ya kule."

"Na mi, Maestro? Na Chanelle?"

Akaangalia mulango, watu walikuwa wanaanza kuingia. Lakini watu walipojaa akasimama, akasema simu ilikuwa yake, dada alikuwa wake, na Jovithe arudi kwenye mikro. Mama Marguerite akapiga mukono mdomoni: "Yoo!" Kwa Chanelle, Maestro hakusema kitu. Nilingoja. Hakusema.

Nikavaa kaske masikioni. Makofi tatu. Wakaanza.

Soprano zote zilikuwa karibu, isipokuwa moja. Sauti ya Chanelle ilikuja nyuma ya zingine, kidogo tu, mutu mwingine asingesikia. Milisegonde kumi na tano hivi. Nikainua macho: amehama, amesimama nyuma pamoja na wa sauti ya chini, mita tano zaidi.

Kwenye ordinateri ningeweza kumusogeza. Unavuta, unaachia, imeisha.

Wimbo ulipokwisha nikavua kaske, nikapita katikati ya viti mpaka kule, wote wananiangalia.

"Umekuja kupima nini tena?" Chanelle akauliza.

"Apana. Nimekuja kuomba samahani."

Akarudi hatua moja nyuma, akagusa ukuta.

"Sema na nguvu. Mi niko mbali."

Nikasema na nguvu.