Kijiti cha Kileleni

Mavi ya ng'ombe yalikuwa yamekauka kupita kiasi. Phelista aliongeza maji mara ya tatu, akamwaga majivu, akachanganya kwa mikono. Alipiga magoti, akaanzia ukuta wa nyuma na kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, kiganja kikienda nusu duara na kurudi nusu duara. Wageni wa kwanza wangeingia saa tatu, na Madam Wacuka, msimamizi wa mahali hapo, hakupenda wakute sakafu ina unyevu.

Baba yake alikuwa mochari tangu Jumamosi.

Nyumba hii aliijenga yeye. Kijiji cha Mila, nje kidogo ya Kitale kwenye barabara iendayo mpakani Suam, kilikuwa na nyumba sita za makabila sita, kila moja na kibao chake. Ya Wabukusu walimpa baba yake, mzee Wepukhulu, aijenge. Hawakwenda mbali kumtafuta. Kabla ya ua na lango, uwanja huu ulikuwa na kambi ya vibarua wa shamba, na mzee alizaliwa humo. Phelista pia. Shamba likauzwa. Mwaka wa 2003, asubuhi moja, tingatinga likaja, na mahali palipokuwa jiko la mama yake, aliyekuwa ameshafariki, sasa pana choo cha wageni. Wakahamia Kiminini, chumba kimoja cha kupanga. Haukupita mwezi, watu wa Kijiji cha Mila wakaja kumuuliza mzee kama bado anakumbuka nyumba za zamani zinavyojengwa.

Alikumbuka. Aliijenga kama mtu atakayehamia. Walimwambia atumie misumari, akakataa, akafunga fito kwa kamba za maganda ya miti. Nguzo ya katikati aliichimbia mwenyewe. Mwisho akapanda paani na kuchomeka kijiti kirefu kileleni.

"Hiki kinasema mwenye nyumba yuko," alimwambia Phelista akiwa huko juu. "Siku akifa, ndugu zake wanakitoa."

"Sasa mwenye hii ni nani, baba?"

Mzee alicheka, akashuka polepole.

Jumapili Phelista alikuwa Misikhu kwa Wanyonyi, mdogo wa baba yake. Walikaa nje, kwenye viti viwili vilivyosogezwa ukutani kwa sababu mahindi yalipandwa hadi karibu na mlango.

"Kaburi nitampa," Wanyonyi alisema. "Pale kando ya michongoma."

"Na nyumba, baba mdogo?"

Wanyonyi alitazama mahindi. Wote wawili walijua. Mwanamume aliyeoa na kuzaa hatolewi mochari akapelekwa shimoni moja kwa moja. Lazima kwanza alale nyumbani kwake, hata usiku mmoja, ndipo atoke kwa mlango wake. Asiye na nyumba hujengewa upesi, hata kibanda cha fito na nyasi, ili awe na mahali pa kutokea.

"Nyumba hapana, Phelista. Nikisimamisha nyumba ya Wepukhulu hapa, kesho watoto wangu wataulizwa shamba la Wepukhulu ni lipi. Hii ni robo ekari. Si unaona mwenyewe?"

Aliona.

"Ati huko kwenu kazini hakuna ile aliyojenga?" Wanyonyi aliuliza baadaye, akimsindikiza njiani. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo, alipomaliza sakafu, Phelista alikwenda ofisini. Kwa miaka mitatu ya kazi hapo alikuwa hajamwambia Madam Wacuka chochote zaidi ya ndiyo na asante. Aliachia shule darasa la sita, na mbele ya watu wa ofisi maneno humkwama. Safari hii aliyapanga tangu Misikhu, akayarudia akipaka sakafu.

"Ingia, Phelista. Pole sana kwa mzee. Kaa basi."

"Nitasimama, Madam. Sijanawa vizuri."

"Haya, sema."

"Naomba alale huku. Alhamisi peke yake. Kwa ile nyumba."

Madam Wacuka aliweka kalamu chini. "Nani alale?"

"Baba."

"Maiti?"

Phelista alidhani hajaeleweka. Akaanza kueleza, na kwa kuwa alikuwa ameyapanga, maneno yalikuja yote. Akaeleza mwili unavyoingizwa na unavyolazwa upande wa kulia wa nguzo. Binti anavyokaa, na nani anatangulia kulia mlangoni. Akaeleza habari za kijiti, kwamba hutolewa na ndugu wa marehemu na kwamba watu hunyamaza kikitolewa. Hakuwahi kuongea muda mrefu namna hiyo mbele ya mtu yeyote. Katikati ya maneno yake, Madam aliokota kalamu.

"Ngoja hapo. Binti anakaa wapi?"

"Kushoto ukiingia. Chini, kwa mkeka, miguu ameinyoosha."

"Na kilio, kina maneno au ni sauti tu?"

"Kina maneno. Anamwita kwa jina lake, anamwambia amwamkie nani huko anakoenda."

Madam aliandika. Phelista alimwona anaandika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi mabega yake yakashuka. Katika ofisi hiyo, jambo lililokubaliwa lilikuwa lile lililoandikwa.

"Asante kwa kunieleza," Madam alisema, akafunga daftari. "Lakini haiwezekani. Leseni yetu ni ya maonyesho. Mtu wa afya akisikia kulilala maiti humo, tunafungiwa. Na Jumamosi nina wageni arobaini wa ng'ambo, wanapita hapa wakienda kuona mapango ya mlimani."

"Basi saa moja tu. Alfajiri, kabla hamjafungua."

"Phelista. Ile si nyumba ya mtu, mama. Ni ya kuonyesha."

"Lakini ndiye aliijenga."

"Na tulimlipa."

Phelista alitazama mikono yake. Kulikuwa na mavi makavu ya kijani chini ya kucha. "Hata kijiti? Kitolewe tu."

"Kijiti kiko kwenye picha ya kalenda yetu," Madam alisema kwa upole. "Wageni wanakuja wakitafuta nyumba yenye kijiti. Enda upumzike. Jumamosi uje mapema."

Walimzika Ijumaa. Pikapu ilimtoa mochari, ikafika Misikhu mvua ikinyesha, ikarudi kinyumenyume hadi kwenye michongoma. Akina mama walitoka barabarani wakilia ilivyo desturi, wakaingia uani, wakakosa mlango wa marehemu wa kulilia. Wakasimama kwenye mahindi wakitazamana, na kilio kikafa chenyewe. Jeneza likashushwa kutoka pikapu hadi shimoni. Dereva hakuzima injini. Wanyonyi alisema maneno machache kuhusu mtu aliyejua kazi yake, kisha akachukua jembe.

Jumamosi saa moja Phelista alikuwa langoni. Salman, kijana wa mjini aliyekuwa akiwaongoza wageni, alimzuia kabla hajapita.

"Pole sana, siste. Si ungebaki tu nyumbani?"

"Madam alisema nije."

"Najua alisema." Salman alikuwa ameshika karatasi iliyopigwa chapa, akiikunja na kuikunjua. "Usiende kwa ile nyumba kwanza. Nikuambie kitu."

"Nini?"

"Leo tunaonyesha matanga. Mimi nimepewa nisome tu, wallahi. Sikujua imetoka wapi mpaka niliposoma pale kwa binti na mkeka."

 Phelista alimpita, akaenda hadi mlangoni.

Upande wa kulia wa nguzo walikuwa wamelaza shina la mgomba, refu kama mtu, limefungwa shuka jeupe. Kushoto kulikuwa na mkeka mpya. Madam Wacuka alikuwa anasogeza chungu ili kisizuie picha.

"Umekuja, vizuri. Nimefikiria ukae wewe, kwa sababu unajua inavyofanywa. Jentrix wa jikoni amesema yuko tayari, lakini yeye atacheka." Aliinama, akanyoosha shuka. "Kulia si lazima. Tuna kaseti."

Phelista alifikiria chumba cha Kiminini, na mwenye nyumba aliyemwahirishia kodi kwa siku za msiba tu. Alivua viatu. Akakaa kushoto, chini, akanyoosha miguu.

Wageni waliingia kumi kumi, wakiinamisha vichwa mlangoni. Wengine walivua kofia. Salman alisoma kwa Kiingereza, haraka, bila kumtazama. Kiingereza cha darasa la sita kilimtosha Phelista. Alisikia upande wa kulia wa nguzo, alisikia binti, alisikia kila neno alilolipanga kutoka Misikhu likipita juu ya kichwa chake na kwenda kwa watu wengine.

"Na kijiti kilicho kileleni," Salman alimaliza, "huondolewa siku mwenye nyumba anapokufa."

Mama mmoja mwenye mvi alitoka nje, akatazama juu kwa mkono kwenye paji la uso, akarudi. Aliuliza mbona bado kipo.

Salman alitazama karatasi. Hapakuwa na jibu hapo. Akamtazama Phelista, akafungua kinywa.

"Hapana, hapa hakuna aliyekufa," Madam Wacuka alisema kutoka mlangoni, akitabasamu. "Ni maonyesho."

Wageni walicheka kidogo, kama watu waliotua mzigo, wakainua kamera zao. Kaseti ikawashwa. Humo mwanamke wa mahali pengine akaanza kulia kwa lugha ambayo Phelista hakuielewa, akimwita mtu ambaye Phelista hakumjua.

Utomvu wa mgomba ulikuwa umeanza kupenya shuka na kudondokea sakafu aliyoipaka Jumatatu. Phelista alisogea, akakunja ncha ya shuka, akafunika nayo pale miguuni pa mgomba palipobaki wazi. Mmoja wa wageni akamwomba, kwa ishara, afanye hivyo tena.