Nyumba Iliyopanda Mfereji

Jumatatu ya pili ya Desemba, saa mbili asubuhi, Razia alikuwa jikoni kwake Downsview, Ontario, akifunga chapati kwenye foili. Nje, mumewe Shaukat alikuwa akipakia mablanketi kwenye gari la kukodi lenye vitanda viwili, jiko na choo kidogo. Shaukat alikuwa amestaafu kazi ya ghala la vipuri baada ya miaka thelathini na mbili, na baridi aliichukia kama deni. Hata hivyo yeye mwenyewe ndiye aliyetaka waende kupiga kambi siku kumi, waufuate mfereji wa meli wa Welland mpaka pwani ya Ziwa Erie. Razia alikuwa akiomba kuziona meli zikipanda mlima tangu Haider, mtoto wao wa pekee, alipokuwa darasa la pili. Sasa Haider ana mvi.

"Baba Haider, una homa?" alimuuliza siku aliyomwambia.

"Sina homa. Nakupeleka."

Kwa jamaati yao ya Kishia kule Tanga, msafiri hatoki nyumbani kabla ya kufungwa mkononi kitambaa cha kijani chenye sarafu, ili awe chini ya dhamana ya Imamu mpaka arudi. Razia alikishona usiku wa kuamkia safari. Lakini koti la Shaukat lilikuwa nene mno, kitambaa kikapungua vidole vinne, na zipu ya koti ilikuwa imekwama. Basi Razia akakifunga kwenye kitasa cha mlango wa mbele, mafundo mawili, akamswalia Mtume.

"Sote tunatoka mlango huu," alisema. "Itatosha."

Jirani yao Moraa, muuguzi kutoka Kisii, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya usiku. Alisimama kwenye theluji na viatu vyake vya hospitali, akawapungia mpaka gari likakata kona.

Kwenye mfereji walipata mahali pa kuegesha karibu kabisa na maji. Siku nzima Razia alikaa dirishani, blanketi magotini. Meli iliingia kwenye chumba kirefu cha zege, milango ikafungwa, maji yakajazwa, na meli ikapanda pole pole mpaka mabaharia wakawa usawa wa macho yake. Mmoja alimpungia. Shaukat alimmenyea machungwa. Razia aliona kwamba alikuwa akiondoa hata nyuzi nyeupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wafunge ndoa.

Mfanyakazi mmoja wa milango ile aliitwa Brice, mzaliwa wa Bukavu. Alisikia Kiswahili chao akagonga dirisha. "Mama, Kiswahili huku ku baridi?" Saa moja baadaye alirudi na supu ya moto ndani ya chupa yake mwenyewe ya chai.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, nyumba yao ilitokea nyuma ya meli ya nafaka.

Ilikuwa imeshuka na kijito cha Black Creek, ikaingia Mto Humber, ikavuka Ziwa Ontario. Ilikuja bila haraka, paa likiwa na theluji, ngazi za mbele zikigusa maji, kitambaa cha kijani kikiwa bado kitasani. Moraa alikuwa ametuma ujumbe jana yake: Mama Haider, nyumba yenu imetoka saa nne. Nimeipigia koleo theluji ya njiani isikwame.

Brice alitoka na daftari lake. "Mama, ile nyumba ni yenu?"

"Ni yetu."

"Iko na urefu gani?"

"Futi arobaini, na baraza."

"Itaingia," alisema Brice, akaandika. "Papa, sogeza gari kidogo, baraza isiigonge."

Razia alimgeukia mumewe. "Nilifunga kitasa badala ya mkono."

"Basi umeifanya msafiri," alisema Shaukat. Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Nyumba hakuitazama.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Razia aliliona. La pili ni kwamba madirisha hayakuwa na mapazia. La tatu ni bango la dalali wa nyumba, limesimama kwenye kipande cha bustani kilichokuja na nyumba, na juu yake utepe mwekundu uliosema imeuzwa.

Maji yalipojaa, ngazi zilifika usawa wa ukingo. Brice akampa Razia mkono avuke, na Shaukat akafuata nyuma.

Ndani hamkuwa na kitu ila jiko na friji. Katika chumba cha Alhamisi, ambamo kwa miaka ishirini wanawake wa jamaati walikaa sakafuni kwa majlisi za maombolezo, misumari ya kutundikia vitambaa vyeusi ilikuwa imeng'olewa na matundu kuzibwa vizuri, kisha kupakwa rangi. Juu ya friji palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Haider: ufunguo, Ijumaa, saa sita mchana.

"Baba Haider."

"Naam."

"Nyumba hii ameiuza nani?"

Meli ya nafaka ilipiga honi. Shaukat aliisubiri imalize. "Sisi."

"Mimi sijasaini kitu."

"Ulisaini. Oktoba. Alhamisi ile."

Razia alikumbuka. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa akisaini pale kidole cha Shaukat kilipotua: pasi, fomu za shule, karatasi za benki. Alhamisi ile wanawake walikuwa mlangoni wakivaa viatu, naye ana sinia la vikombe. Shaukat alishuka ngazi na karatasi, akasema ni za safari, akaweka kidole. Razia aliweka sinia chini, na kwa furaha akaandika jina lote, mpaka la babu yake.

"Ulisema ni za safari."

"Si tuko safarini?"

Razia aliikunja karatasi ya Haider mara nne.

"Haider anahamia nyumba kubwa kule Milton," Shaukat aliendelea. "Sisi tutakaa chini kwake. Pana bafu. Dirisha pia lipo. Yeye ndiye aliyesema uondolewe siku chache, usije ukaumia ukiona vitu vinabebwa."

"Na meli?"

"Meli ni wazo langu mwenyewe," alisema Shaukat, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo.

Razia alimpigia Haider. Haider alijibu kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba yote ni kwa faida yake. Kisha akauliza kama humo ndani joto limewashwa, maana mabomba yangeganda.

"Limewashwa," alisema Razia.

Alimpigia pia wakili wa mauzo. Wakili alisema mkataba unataja nyumba, na nyumba ipo. Alisema saini haina tatizo. Ni nadra kupata saini iliyokamilika namna ile.

Nyumba ilipanda milango iliyobaki, ikafika pwani ya Ziwa Erie, ikatua mchangani. Kwa siku mbili Razia alilala ndani yake, sakafuni, na Shaukat alilala garini. Kila asubuhi Shaukat alileta kikombe cha chai akakiacha ngazini. Razia alikinywa kwa sababu kilikuwa cha moto, akakirudisha kimeoshwa.

Ijumaa saa sita mchana walifika wanunuzi, Kipchirchir na mkewe Abigael, vijana Wakenya wa North York. Abigael alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Tuliambiwa ni Downsview," alisema Kipchirchir akicheka, "kumbe mmetuongezea na ziwa! Sasa kazini nitafika saa ngapi?"

"Itarudi theluji ikiyeyuka," alisema Razia. "Ni nyumba tulivu."

Akawapa ufunguo. Akamwonyesha Abigael bomba la maji ya moto linalohitaji kusubiriwa, na kipande cha sakafu chenye baridi ambapo mtoto asitambae.

Viti vilikuwa bado njiani. Abigael alitandika leso yake katika chumba cha Alhamisi, akamimina chai kutoka kwenye chupa. "Kaa, shosho, usisimame. Jisikie nyumbani."

Razia alikaa karibu na mlango, mahali wanapokaa wageni. Dirishani alimwona Shaukat akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, akianza na upande wa Razia.

"Lakini mbona mlihama?" Abigael aliuliza. "Nyumba poa hivi."

Razia aliipuliza chai. Alimtazama yule binti na tumbo lake, akaona hana kosa.

"Naomba kwenda chooni, mwanangu."

"Panda ngazi, mlango wa pili kushoto," alisema Abigael, akamshika mkono kumsaidia kuinuka.

Razia akashukuru. Alipanda ngazi, akahesabu milango, na kwenye wa pili akagonga kabla ya kuingia.